Kiasi cha Baruti: Maji, Risasi na Vita vya Kusini

Katika Kiswahili cha zamani neno kiasi lilikuwa na maana moja ambayo siku hizi imekaribia kusahaulika. Kiasi cha bunduki, wingi wake viasi, ni kile ambacho sasa huitwa risasi nzima: ganda la shaba, fataki katika kitako chake, baruti tumboni, na kipande cha risasi mdomoni. Jina hilo halikutolewa ovyo. Mwenye gobole alizoea kupima baruti yake kwa mkono wake, kutoka katika pembe aliyoining'iniza begani. Akaimimina mtutuni, akaishindilia kwa mdeki, ndipo akatia risasi moja kubwa au konzi ya marisaa. Alipoonyeshwa bunduki inayofunguka nyuma, pamoja na vikopo vidogo vilivyokwisha kupimwa na kufungwa huko Ulaya, hakuhangaika kutafuta neno la kigeni. Alikiita kitu kwa kazi yake. Kilichomo ndani ya ganda kilikuwa ni kile kile alichokijua, isipokuwa kipimo kilikuwa kimetoka mkononi mwake na kwenda kwa mtu asiyemjua.

Maneno mengine ya silaha nayo yana nasaba zake. Risasi limetokana na neno la Kiarabu la madini, yale mazito na laini yanayoyeyuka kwa moto mdogo. Jina la madini likawa pia jina la kifo. Fataki limetoka Bara Hindi, na mpaka leo watoto hulitumia kwa baruti za sikukuu. Mzinga ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, na aliyeuona mzinga wa kwanza wa kivita juu ya jahazi au ngome hakuona sababu ya kuupa jina jingine. Lakini kiasi ndilo neno lenye historia ndefu kuliko yote haya, kwa sababu mambo mengi yaliyotokea baina ya Lindi, Mikindani na mto Ruvuma tangu mwaka 1890 hata 1918 yalihusu swali moja: ni nani anayeshika kipimo?

Bandari za kusini zilikuwa na bunduki nyingi kabla Mdachi hajaja. Pembe, mpira na watumwa walishuka kutoka bara hadi Lindi, Sudi na Mikindani. Nguo, shanga, baruti na magobole vikapanda. Habari za miji hiyo, zile zilizokusanywa kwa Kiswahili na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1907, zinaonyesha ulimwengu ambamo diwani, mfanyabiashara na jumbe wa bara walijuana kwa majina na kwa madeni. Bunduki ilikuwa bidhaa miongoni mwa bidhaa. Ubalozi wa Uingereza Unguja, mwaka 1888, ulikadiria kwamba silaha 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zilizotupwa huko baada ya bunduki za viasi kuenea.

Mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels na kutia saini mkataba wa mwaka 1890, waliandika kwamba wanapiga vita biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na vifungu vya silaha, na vifungu hivyo vinastahili kusomwa kwa makini kuliko vinavyosomwa. Silaha na baruti zilizuiliwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini kwa masharti fulani iliruhusiwa kuuzwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliachiwa gobole na kunyimwa kiasi. Walioandika mkataba walijua walichokifanya.

Na bado gobole lilikuwa na faida ambayo wanadiplomasia hawakuitia hesabuni. Mwenye gobole hakumtegemea mtu yeyote wa mbali isipokuwa kwa baruti. Risasi aliisubu mwenyewe katika kalibu. Ikikosekana, alitia vipande vya chuma au vijiwe. Mtambo ukivunjika, mhunzi wa jirani aliutengeneza kwa mvukuto na nyundo ile ile iliyofua majembe. Bunduki ya viasi, kinyume chake, ni bora mara kumi siku ile viasi vipo, na siku vikiisha ni rungu la bei ghali. Aliyeinunua alinunua pia utegemezi wa kiwanda, meli na bandari. Hilo lilikuwa kweli kwa mtemi na kwa serikali vilevile, ijapokuwa serikali iligundua kwa kuchelewa.

Machemba, kiongozi wa Wayao aliyekaa katika uwanda wa Wamakonde, aliwasumbua Wadachi kwa karibu miaka kumi kwa silaha hizo za kushindilia. Mwaka 1890 alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili, akikataa kwenda pwani kujisalimisha. Mwaka 1899, alipozidiwa, alivuka Ruvuma akaingia upande wa Wareno. Tangu hapo mto ule ulikuwa mlango wa kutokea kwa kila aliyeishiwa, na jambo hili litarudi.

Kisha ukaja mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi za Wadachi kuwa maji, na kutoka milima ya Umatumbi vita vikaenea hadi Liwale, Masasi, Mahenge na Ungoni. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia vita hiyo utenzi, ambao Whiteley aliuhariri na kuutafsiri kwa Kiingereza mwaka 1957. Ni shahidi wa karibu kuliko ripoti nyingi za maofisa, ingawa msimamo wake si ule ambao kizazi cha uhuru kingependa kuusikia. Mahenge, mwishoni mwa Agosti 1905, bunduki za mtombo zilifyeka watu kwa mamia mbele ya boma. Risasi hazikugeuka maji. Waliouawa kwa silaha, na wengi zaidi waliouawa na njaa iliyofuata baada ya mashamba kuchomwa, wanakadiriwa kufika 250,000 au zaidi.

Kuanzia hapo, katika maboma ya Kidachi, imani ya maji ilikuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Haikupita miaka kumi, maji yakazifikia risasi zao.

Vita vya dunia vilipozuka Agosti 1914, manowari za Kiingereza zilifunga pwani yote tangu Tanga hadi mdomo wa Ruvuma. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck halikuwa na kiwanda cha viasi. Sehemu kubwa ya askari wake walikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi, na wingu hilo lilimwonyesha adui mahali pa kulenga. Bunduki za kisasa zilikuwa chache, na kila kiasi kilichofyatuliwa hakikuwa na cha kukifidia.

Mwezi Aprili 1915 meli iliyoitwa Rubens, ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki, makaa ya mawe na mamilioni ya viasi. Manowari Hyacinth iliifuata na kuipiga. Nahodha Carl Christiansen aliiingiza ghubani, akafungulia maji ngama zake na kuwasha moto juu ya sitaha, ili Waingereza waamini kwamba imeteketea. Wakaamini, wakaenda zao. Wapiga mbizi wakafanya kazi kwa majuma, wakatoa karibu shehena yote chini ya maji. Ulikuwa ujanja mzuri, nao umesimuliwa mara nyingi. Lililosimuliwa kwa uchache ni kilichotokea baada ya makasha kufunguliwa.

Kiasi kilichoingia maji ya chumvi hakiharibiki siku hiyo hiyo. Kikikaushwa juani kinaonekana kizima. Lakini chumvi imekwisha kuingia: shaba inaota kutu ya kijani, unyevu unapenya penye kiungo cha ganda na risasi, na ile dawa kidogo ndani ya fataki, ambayo ndiyo uhai wa kiasi kizima, inafifia wiki kwa wiki. Lettow mwenyewe, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1920, anaeleza kwamba baruti na fataki zilizidi kuharibika, na idadi ya viasi vilivyokataa kulia ikazidi kupanda. Askari analenga, anavuta kifyatulio, anasikia tiki peke yake. Katika mapigano ya karibu, tiki ile ni hukumu.

Haikubaki njia ila kuvifungua vyote. Katika Moshi Mpya, mwisho wa reli ya Usambara, palipo mji wa Moshi wa leo, askari na kila mtu aliyepatikana walikalishwa kazini tangu asubuhi hadi jioni, kwa muda wa miezi, wakitengeneza viasi upya. Kwa bahati fataki zilipatikana ndani ya koloni. Risasi ilichomolewa mdomoni mwa ganda, baruti ikasafishwa, fataki iliyokufa ikabadilishwa, kisha kila kitu kikarudishwa mahali pake. Kazi hiyo katika kiwanda cha Ulaya ilifanywa na mitambo. Huku ilifanywa na vidole. Anayejua uzito wa mamilioni na aketi ajaribu kuhesabu vidole hivyo.

Matokeo yake yalipimwa pia. Viasi vizima, vile ambavyo havikuguswa na maji, viliwekwa kwa bunduki za mtombo tu, kwa kuwa mtombo ukikwama katikati ya vita umepotea. Viasi vilivyofungwa upya vikajaribiwa fungu kwa fungu. Fungu lililokataa kulia mara 20 hivi katika kila 100 lilihesabiwa kuwa jema, likatumika vitani. Yaliyozidi hapo yakapewa askari kwa mazoezi ya shabaha. Kiasi kimoja katika vitano kukataa, na bado kikaitwa kizuri: ndipo lilipofika jeshi ambalo miaka 10 nyuma lilicheka watu kwa kutumaini risasi ziwe maji.

Vitabu vingi vya Ulaya vimeufanya ubunifu wa miaka ile kuwa sifa ya kamanda mmoja. Upo ushahidi wa ubunifu, hapana shaka. Taasisi ya Amani kule Usambara ilitengeneza dawa ya homa kutokana na magome ya mkwinini. Watu walisuka, walishona viatu, walikamua mafuta. Karakana ya reli karibu na Tabora, mwaka 1916, ilifua sarafu za dharura, na shaba ya sarafu ndogo ilitoka kwa sehemu katika maganda matupu ya mizinga na vyuma chakavu. Sarafu hizo ziliitwa heller, na ndiyo asili ya neno hela. Mtu anaposema leo kwamba hana hela, anataja bila kujua fedha ambayo sehemu yake ilipigwa kutokana na maganda ya vita. Lakini sifa inayowekwa kichwani mwa mtu mmoja ina upungufu wa hesabu. Kamanda alitoa amri. Waliokaa juu ya makasha yenye kutu kwa miezi hawakupata kutajwa hata kwa idadi.

Somo la Manza lilifika Ujerumani. Meli ya pili, Marie, chini ya Conrad Sörensen, haikuelekea kaskazini tena. Machi 1916 iliingia Sudi, baina ya Lindi na Mikindani. Lango la ghuba ni jembamba, na ndani maji yanajipinda baina ya mikoko, hata chombo kikubwa kinaweza kujificha kisionekane kutoka baharini. Ilileta mizinga 4 mifupi ya milimita 105, mizinga 2 ya mlimani, bunduki, dawa na mamilioni ya viasi, safari hii vikiwa vikavu. Shehena ilikuwa imefungwa katika mizigo inayotosha kichwa cha mtu. Hapa historia ya Sudi inageuka kuwa historia ya shingo za watu. Kusini hapakuwa na reli wala barabara ya gari iliyofaa, kwa hiyo kila kiasi kilichoshushwa pale kilikwenda kwa miguu, kuelekea kaskazini kwenye reli ya kati na kwenye vikosi. Waingereza waligundua meli mwezi Aprili, wakaipiga, lakini shehena ilikwisha kushuka. Marie ikaponyoka ikavuka bahari hadi Batavia.

Wapagazi hao hawakuchagua vita. Pande zote mbili ziliwakamata vijijini, na upande wa Waingereza peke yake waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na homa, si kwa risasi. Mmakonde au Mmwera aliyebeba kasha la viasi kutoka Sudi pengine hakupata kufyatua bunduki maishani mwake.

Kusini yenyewe haikukaa salama kwa muda mrefu baada ya hapo. Wareno, walioingia vitani Machi 1916, walichukua Kionga, ile pembe ndogo ya nchi iliyo kusini ya mdomo wa Ruvuma, mwezi Aprili. Tarehe 27 Mei walijaribu kuvuka mdomo wa mto wakisaidiwa na manowari Adamastor, wakarudishwa kwa risasi kutoka ukingo wa kaskazini. Septemba Waingereza walishuka Mikindani, Sudi na Lindi. Wareno nao wakavuka, wakapanda hadi Newala mnamo Oktoba, na kufukuzwa huko Novemba. Sudi haikuweza tena kupokea meli ya Kidachi. Kuanzia hapo viasi vilivyokuwepo ndivyo vilivyokuwepo.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, pakapiganwa Mahiwa, katika bara ya Lindi. Waingereza na vikosi vyao vya Nigeria walipoteza zaidi ya watu 2,000. Vitabu huiita siku hizo ushindi wa Lettow. Kwa hesabu ya viasi ulikuwa ushindi uliomfilisi: akiba ya viasi visivyotoa moshi iliyeyuka, na wengi wa askari wake wakabaki na zile bunduki za mwaka 1871 na mawingu yake. Ndipo, huko Nambindinga katika uwanda wa Wamakonde, katikati ya Novemba, alipochagua askari wa kwenda naye na kuwaacha wagonjwa, majeruhi na wengine wengi wajisalimishe. Waliochaguliwa hawakuchaguliwa kwa ushujaa tu. Idadi yao ilikatwa ilingane na viasi na kwinini vilivyosalia.

Siku hizo hizo kulikuwa na chombo kimoja angani kikija kuokoa hesabu hiyo. Ndege-puto L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, ikilenga kutua katika uwanda wa Wamakonde. Ilibeba karibu tani 15 za dawa na silaha, pamoja na viasi zaidi ya 300,000, wala haikukusudiwa kurudi: kitambaa chake kingekatwa mahema na bendeji, na mifupa yake kutumika kwa kazi nyingine. Ilifika juu ya Sudan, ikapata amri ya kurudi kwa kuwa habari zilisema uwanda umeshatekwa. Ilikaa angani saa 95 ikarejea ilikotoka. Watu wa Newala hawakuwahi kuiona, na wangeiona, ni vigumu kujua wangeipa jina gani.

Lettow akafuata njia ya Machemba. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma kwenye makutano ya mto huo na Lugenda, akaiangukia kambi ya Wareno huko Ngomano. Meja João Teixeira Pinto aliuawa mapema, na ngome ikaanguka siku hiyo hiyo. Ndani yake mlikuwa na bunduki za mtombo 6, mamia ya bunduki za kawaida na viasi 250,000. Karibu nusu ya kikosi ikabadilisha silaha papo hapo. Bunduki za 1871, zilizokuwa zimevukishwa mto kwa taabu, zikawekwa chini. Siku chache baadaye kikosi kingine cha Wadachi, cha Kapteni Tafel, ambacho kilikuwa kikitafuta kuungana na kile cha Lettow bila kujua kipo umbali gani, kilivunja silaha zake na kujisalimisha kwa njaa.

Kwa mwaka mzima baada ya Ngomano jeshi lile liliishi kwa viasi vya watu wengine, likitoka boma hadi boma katika Msumbiji si kwa kuteka nchi bali kwa kuteka maghala. Liliposalimu amri huko Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, silaha zilihesabiwa mbele ya maofisa wa Kiingereza: mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za mtombo 37, na kati yake 7 tu za Kijerumani, bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, viasi 208,000. Katika zile bunduki 1,071 hapakuwamo iliyoweza kupokea hata kimoja cha vile viasi vilivyofunguliwa na kufungwa upya kwa vidole, Moshi Mpya.